Mpango wa afya wa kunakili, wa kujitungia, wa apu au wa mtaalamu: upi unaendana na maisha yako?

Watu wakitaka kuanza kujitunza swali la kwanza huwa ni "mpango upi ni bora", na mi naona hapo ndo wengi wanapopotea mapema kabisa, kwasababu mpango unaweza kuwa mzuri mno ukiusoma, una ratiba, una rangi, una picha za mtu mwenye tumbo bapa, alafu wiki ya pili umekufa na we unabaki unajilaumu kwamba ni mvivu. Mara nyingi uvivu haupo. Ulipangiwa maisha ambayo huyaishi.

Kwahiyo kwenye ulinganisho huu natumia kipimo kimoja tu, nakiita wiki mbovu. Yani ile wiki ya kawaida inayokuja kila baada ya mda, kazi zimebanana, mtoto ana homa, umelala vibaya siku tatu mfululizo, hela imekata, mudi iko chini na simu hazikomi. Mpango ambao hata kwenye wiki hiyo unakuachia kitu kidogo unachoweza kufanya, huo chukua. Mpango unaosubiri wiki nzuri ndo ufanye kazi uache hapohapo, hata kama umeandikwa na bingwa.

Tukubaliane kwanza tunapanga nini

Wengi wakisikia mpango wa afya wanawaza mazoezi na chakula basi. Shirika la Afya Duniani tangu katiba yake ilipoanza kutumika 1948 linasema afya ni kuwa sawa kimwili, kiakili na kijamii, sio kutokuumwa tu. Na daktari Bill Hettler wa Marekani mwaka 1976 akaja na mchoro wa pande sita ambao bado unatumika sana: mwili, hisia, akili, mahusiano, kazi na upande wa kiroho. Sisemi upange pande zote sita, tena ukifanya hivyo utachoka kabla hujaanza, ila pitia moja moja ujiulize wapi panavuja zaidi. Kuna mtu anatafuta dayati wakati shida yake ni usingizi, na kuna mwingine anatafuta jimu wakati ukweli ni kwamba hajaongea na mtu yeyote kwa moyo tangu ahamie kazi mpya.

Alafu kuna namba chache za msingi ambazo hazibadiliki sana hata ukichagua mpango gani, mi nazichukulia kama mwelekeo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki. Ya wastani maana yake unaweza kuongea ila kuimba huwezi, hicho kipimo hakihitaji mashine. Waliofika miaka 65 waongeze ya kuimarisha mizani ya mwili, siku 3 au zaidi, kwasababu kuanguka uzeeni ni jambo zito. Usingizi ni masaa 7 au zaidi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ihesabu pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya paketi. Matunda na mboga angalau gramu 400.

Kitu kizuri sana kwenye mwongozo wa 2020 ambacho watu hawakisikii: ule wa zamani wa 2010 ulisema mazoezi yahesabiwe yakiwa ya angalau dakika 10 mfululizo, huu mpya ukaliondoa hilo sharti. Dakika nne za kupanda ngazi zinahesabika. Kwa mtu mwenye siku iliyokatika vipande vipande hii ni habari kubwa, na nitairudia mbele kwasababu mipango mingi ya kunakili bado haiijui.

Wa kunakili dhidi ya wa kujitungia

Hapa nitakaa sana maana ndo uamuzi wenyewe, mengine yote yanafuata.

Mpango wa kunakili ni ule uliotengenezwa tayari, chalenji ya siku 30, ratiba ya mtu fulani maarufu, karatasi uliyotumiwa kwenye grupu. Faida yake kubwa ni kwamba unakutoa kwenye kufikiria. Na hiyo sio faida ndogo jamani, kuna mtu kichwa chake kimejaa mpaka pomoni, akiambiwa "kaa chini ujitungie mpango" hatakaa, lakini akiambiwa leo fanya hiki kesho kile anafanya. Kwa mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi kabisa, mpango wa kuanza wa wiki chache uliotungwa na mtu anayejua unaweza kumfundisha mpangilio wa mwili, kwamba siku ya kupumzika ni sehemu ya kazi, kwamba unaongeza kidogo kidogo.

Tatizo ni kwamba huo mpango unamjua mtu wa kubuni. Huyo mtu anaamka saa kumi na moja akiwa amelala vizuri, ana dakika 45 zisizo na mtu, ana jiko lake mwenyewe, hana zamu za usiku, hana goti bovu, hapikii watu sita wenye ladha tofauti. Kama we unafanana naye asilimia kubwa, chukua, usione aibu kunakili. Kama hufanani naye basi kila siku utakuwa unadaiwa, siku ya nne umekosa, ya tano umekosa, ya sita unajiambia nitaanza upya jumatatu, na jumatatu unaanza na siku ya kwanza tena. Chalenji nyingi hazina maelezo ya "ukikosa siku tatu fanya nini", na hapo ndo nazipimia. Ukishika mpango wowote wa tayari, tafuta hicho kipengele kwanza kabla ya kitu kingine. Kama hakipo, ujue mwandishi hajawahi kufikiria wiki yako mbovu.

Lingine, mpango wa kunakili una mwisho. Siku ya 31 hakuna maelekezo. Mtu anarudi alikotoka kwasababu hakujifunza kuamua, alijifunza kutii tu.

Wa kujitungia uko kinyume kabisa. Unaanza na maisha yako yalivyo alafu unatafuta nafasi. Unachukua karatasi, unaandika wiki yako ya kweli, sio unayoitamani, unaangalia kwamba jumanne na alhamisi hakuna kitu kinawezekana, jioni zote ni za watoto, ila kila siku unatembea kwenda na kurudi na kuna dakika 20 za mchana ambazo huwa zinaliwa na simu. Hapo una malighafi. Faida ni kwamba unaendana na we, unaweza kuupunguza bila kuuvunja, na ukikosea unajua pa kurekebisha kwasababu we ndo uliuweka.

Ila nao una hatari zake na watu wanaousifia hawazisemi. Ya kwanza, unaweza kujihurumia mno, ukajitungia mpango ambao haugusi kile kinachokuuma kweli. Mtu analala masaa 5 alafu mpango wake umejaa maji ya kunywa na kunyoosha viungo, kila kitu isipokuwa usingizi, kwasababu usingizi utamlazimu aache simu. Ya pili, unaweza kukosa maarifa, ukaanza kukimbia kila siku bila kupumzika ukaumia, au ukakata chakula mpaka unatetemeka. Ya tatu, unaweza kupanga milele. Kuna watu wana daftari tatu za mipango na hawajatoka nje.

Mi ukiniuliza ninaloliamini: nakili yaliyomo, jitungie mpangilio. Yani yale mambo ya kitaalamu, aina ya mazoezi, jinsi ya kuongeza uzito, siku za kupumzika, hayo chukua kwa wanaojua usijivunie kubuni. Lakini lini, wapi, kiasi gani na nini kinatokea ukikosa, hayo hakuna anayeyajua kuliko we. Watu wanafanya kinyume, wanabuni mazoezi yao kisha wananakili ratiba ya mtu, matokeo yake wanaumia na wanachoka kwa wakati mmoja.

Ndani ya mpango: saa au tukio?

Ukishaamua kujitungia mpangilio kuna chaguo dogo ambalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Unaweza kufunga kitu kwenye saa, "saa kumi na mbili na nusu asubuhi natembea", au kwenye tukio, "nikishamfikisha mtoto shule natembea". Saa inawafaa wenye siku zinazofanana, mtu wa ofisi mwenye ratiba thabiti, mstaafu, na inasaidia hata usingizi kwasababu mwili unapenda kulala na kuamka mda uleule. Lakini mtu wa zamu, mama mwenye mtoto mchanga, mtu wa biashara ambaye hajui mteja ataingia saa ngapi, saa itamwangusha kila wiki. Tukio linahama pamoja na siku. Mtoto akichelewa, na matembezi yanachelewa, hayafi.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ndo aliyelichambua sana hili, mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Na kuna utafiti wa Uingereza wa 2002 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo: kundi moja liliachwa hivihivi, la pili likapewa maelezo ya kuwatia hamasa kuhusu mazoezi na moyo, la tatu likapewa hamasa hiyohiyo ila na kuandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya. Wiki iliyofuata waliofanya mazoezi angalau mara moja ni asilimia 38 kwenye kundi la kwanza, 35 kwenye la hamasa peke yake, na 91 kwenye lile la walioandika. Ni wiki moja tu na ni vijana, usiichukue kama ahadi ya mwaka mzima, lakini angalia lile kundi la hamasa, halikuwazidi hata walioachwa bila kitu. Video za kutia moyo unazotazama usiku kitandani zinakuibia usingizi, basi.

Na andika pia upande wa pili, ule wa wiki mbovu. "Mvua ikinyesha nafanya mazoezi ya ndani dakika 8." "Nikirudi nimechoka sana navaa viatu naenda mpaka kona narudi." "Nikikosa siku mbili, ya tatu nafanya nusu." Hii sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote, kwasababu inaondoa lile deni. Hakuna kufidia. Mtu anayefidia siku tatu kwa siku moja ndo anayeumia.

Matokeo au matendo, na yote kwa pamoja au moja moja

"Nipunguze kilo 5" ni lengo la matokeo. "Nitembee baada ya chakula cha mchana siku nne kwa wiki" ni lengo la tendo. La matokeo linakupa mwelekeo na kuna wakati unalihitaji kweli, mtu ambaye daktari amemwambia presha au sukari ishuke lazima aangalie namba. Ila huwezi kufanya kilo leo. Kilo zinapanda na kushuka kwa maji, chumvi, mzunguko wa hedhi, choo, na mtu anayejipima kila asubuhi anaweza kuwa amefanya kila kitu sawa na bado mizani ikamkatisha tamaa. Kwahiyo weka matokeo moja nyuma, uliangalie mara chache, na matendo mawili matatu mbele uyaangalie kila wiki. Afya ya akili ndo kabisa, "niwe na furaha" haiwezi kuwekwa tiki, "nimpigie dada jumapili jioni" inawezekana.

Kuhusu kuanza yote kwa pamoja, usingizi, maji, mazoezi, sukari kuacha, kusoma, kutafakari: nasema hapana, isipokuwa kwa hali moja. Hali hiyo ni pale maisha yako yenyewe yanapogeuka kwa mkupuo, umehama, umebadilisha kazi, umeacha shule, hapo mazoea ya zamani yameshavunjika tayari na unaweza kuingiza mengi kwa wakati mmoja. Nje ya hapo anza na moja, na lichague lile linalovuta mengine. Kwa wengi nadhani ni usingizi. Mtu aliyelala anakuwa na subira, hapapasi vitamu saa kumi jioni, ana nguvu za kutembea. Na usingizi una vitu vya kushika mkononi: kahawa kwa mfano, nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya takriban masaa 5 kwa mtu mzima wa kawaida, kwahiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kiko kazini saa nne usiku unapogeuka geuka kitandani ukidhani una stresi.

Na mda gani mpaka tabia ikae? Ile siku 21 unayoisikia kila mahali isikutie presha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti uliochapishwa 2010, walifuatilia watu 96 wakijenga tabia moja moja na wastani ukatoka siku 66, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikiwa kubwa sana, kuanzia 18 mpaka makadirio ya 254. Tabia za kunywa na kula zilishika mapema, za mazoezi zilichukua mda zaidi. Na wakaona kwamba kukosa siku moja moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Soma hiyo tena kama we ni mtu wa "nimekosa leo basi nimeharibu".

Apu na saa janja dhidi ya daftari

Hapa nitapita haraka. Apu inakumbusha, inahesabu, inakuonesha mchoro wa miezi, na kwa mtu anayependa namba ni raha ya kweli. Daftari halina chaji ya kuisha, halikutumii tangazo, halimpi mtu mwingine taarifa za mwili wako (soma ruhusa unazotoa, hasa kwenye apu za hedhi na za usingizi), na linakubali kuandika "leo nilikuwa na huzuni" bila kukuuliza hatua ngapi.

Kuvaa kifaa peke yake hakupunguzi mwili. Chuo cha Pittsburgh Marekani walichapisha 2016 jaribio la miaka miwili kwa vijana wenye uzito mkubwa, wote walipewa dayati, mazoezi na ushauri, baadae kundi moja likaongezewa kifaa cha kuvaa na lingine likawa linajirekodi lenyewe. Mwishoni wenye kifaa walipungua wastani wa kilo 3.5, waliojirekodi kilo 5.9. Sio kwamba kifaa ni kibaya, ila usinunue ukidhani ndo mpango wenyewe.

Na hatua 10,000. Hiyo namba chanzo chake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo za 1964, ilikuwa namba ya kibiashara. Utafiti wa 2019 wa I-Min Lee wa Harvard kwa wanawake wenye wastani wa miaka 72 ulionesha waliofanya kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kama 7,500 alafu ikatulia. Kwahiyo kama saa yako inakuita umefeli kwa sababu una 6,000, ingia kwenye mipangilio ubadilishe lengo. Chukua wastani wako wa wiki hii, ongeza kidogo, ndo lengo lako.

Chaguo langu hapa: kama unaangalia namba ukapata moyo, tumia apu. Kama ukiangalia namba unajichukia, au umewahi kuwa na shida ya kula, kujinyima au kujitapisha, achana na apu za kuhesabu kalori kabisa na zungumza na mtaalamu. Hili nalisema kwa uzito wote.

Rafiki, grupu au mtaalamu

Rafiki anakufaa kwa kuhudhuria. Mtu anayekusubiri pale nje saa kumi na mbili ana nguvu kuliko kengele ya simu, na mnapata na upande wa mahusiano humohumo. Chagua mwenye spidi inayokaribiana na yako, na mwenye maisha yanayokaribiana pia, maana rafiki asiye na watoto atakuona hauko siriasi. Grupu kubwa lina joto mwanzoni, ila angalia likianza mashindano ya picha za kabla na baada, mtu wa polepole anajificha na kunyamaza. Na mambo ya dawa usiyachukue kwenye grupu.

Mtaalamu ni tofauti, yeye unamtafuta kwa maarifa na usalama. Wengine waanze kwake kabla ya kunakili au kujitungia chochote. Kama unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukata pumzi isivyo kawaida ukifanya kazi nyepesi, anza na daktari. Kama una kisukari na unatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, mazoezi yanaweza kuishusha ikapitiliza, kwahiyo panga naye lini upime, ule nini kabla na dozi ikae vipi. Kama vipimo vya presha vinarudia kusoma 140/90 au zaidi, mpango wako unahitaji mtu wa kuufuatilia, na usiache dawa kwasababu umeanza kutembea ukajisikia mwepesi. Mwenye figo zenye shida asinakili mpango wa protini nyingi. Mjamzito anaweza kufanya mazoezi na kwa wengi inashauriwa, ila apate neno la kliniki kwanza, na aliyejifungua vilevile. Na kama kwa wiki mbili sasa karibu kila siku huna raha, hupendi ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, usijipangie chalenji, tafuta mtu wa afya ya akili. Ukifikia kuwaza kujidhuru basi hiyo ni leo, mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali.

Kwa asiye na hali hizo mtaalamu sio lazima kila wiki. Unaweza kumwona mara moja ukiwa na mpango wako mkononi akakurekebishia, hiyo inagharimu kidogo kuliko kumlipa akutungie kila kitu, na anakuelewa haraka zaidi akiona umeandika wiki yako ilivyo.

Sasa we uchague nini

Kama hujawahi kabisa na kichwa kimejaa: nakili mpango mfupi wa kuanza wa mtu mwenye ujuzi, wiki nne hivi, ila kabla hujaanza ongeza mstari wako wa "nikikosa siku mbili" na upunguze kila kitu kwa theluthi. Ukimaliza, jitungie.

Kama unafanya kazi za zamu, sahau mipango yenye saa. Funga kila kitu kwenye matukio, na anza na chumba cha kulala chenye giza na ukimya pamoja na makubaliano na watu wa nyumbani kwamba mda fulani huamshwi, mazoezi yatafuata. Usijilazimishe tizi kali ukiwa umetoka zamu ya usiku hujalala.

Kama unalea watoto wadogo au unamuuguza mtu: vipande vifupi, dakika 4, dakika 7, mara kadhaa kwa siku, na kitu kimoja cha nafsi yako kwa wiki ambacho mtu mwingine anakushikia zamu. Hicho cha pili ndo watu wanakikata cha kwanza, na mi nakuomba usikikate. Omba msaada kwa jina na kwa siku, "jumamosi asubuhi naomba ukae nao mpaka saa nne", usiseme tu umechoka ukitegemea watajua.

Kama una siku zinazofanana na unapenda utaratibu, saa na apu zitakufaa sana, wala usisumbuke na matukio. Kama una ugonjwa wa kudumu, mtaalamu kwanza alafu we unajitungia ndani ya mipaka aliyoweka. Kama ulishaanza mara nyingi ukaacha, usitafute mpango mkali zaidi ya ule wa mwisho, hilo ndo kosa naliona kila mahali, chukua uleule uukate mpaka uwe mdogo kiasi kwamba ungeufanya hata siku ile uliyoacha.

Na kama bado unasita kati ya miwili, ijaribu yote, wiki mbili mbili. Usiangalie uzito kwenye jaribio hilo, mda ni mfupi. Andika vitu vitatu tu kila jioni: nilifanya au sikufanya, nililala saa ngapi, na kama sikufanya ni nini kilizuia. Mwisho wa wiki ya nne soma ile safu ya vizuizi. Sababu ikijirudia mara tatu, rekebisha mpango hapohapo kwenye hiyo sababu, hamisha siku, punguza dakika, badilisha tukio, alafu endelea na ule ambao ulikuwa na vizuizi unavyoweza kuviondoa mwenyewe.